Breki Iufuate Mkono, Si Mkono Uifuate Breki



Leo tunaweka kando mapishi na mishono. Kuna jambo la baiskeli linatukera, na tumeona bora tuliseme.

Mwenzetu mmoja, katika sisi tunaotoka pamoja baada ya sala ya alfajiri, alianguka. Alhamdulillahi hakuvunjika, alichubuka kiganja na goti. Kilichomuumiza zaidi ni maneno aliyoyakuta nyumbani. "Si tulikwambia baiskeli si chombo cha mwanamke?" Hii ni wiki ya tatu baiskeli imeegemezwa ukutani, na mwenyewe ameanza kuamini kwamba hawezi.

Sisi tunasema anaweza. Kilichomwangusha ni breki ambayo hakuna aliyemweleza ilivyo.

Muda wote alikuwa akiendesha baiskeli ya milimani, ile ya matairi manene na usukani ulionyooka. Kisha akapata, ya mtumba, baiskeli ya barabarani, ile nyepesi yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Zote mbili zina breki za diski zinazotumia mafuta, basi akadhani ni kitu kimoja. Siku ile daladala ilisimama ghafla mbele yake. Akavuta breki kwa ncha za vidole, baiskeli ikaendelea kwenda. Kwa hofu akazikamata zote mbili kwa nguvu zake zote. Tairi la nyuma likateleza kwenye mchanga uliotapakaa juu ya lami, naye akaenda chini.

Kwa ndani, breki hizi zinafanana. Ukivuta mkono wa breki, unasukuma mafuta ndani ya mpira mwembamba. Mafuta hayabanwi yakapungua, kwa hiyo nguvu yote inafika chini na kuzisukuma pistoni, nazo zinazibana pedi kwenye diski. Ndiyo maana ni laini kuliko breki za waya, na hazichoshi vidole.

Tofauti unaisikia mkononi. Kwenye baiskeli ya milimani mkono wa breki ni mfupi na uko karibu. Kidole kimoja kinatosha. Diski huwa kubwa, mara nyingi milimita 180 au zaidi, na baadhi ya breki zina pistoni nne. Tairi pana, la karibu milimita 60, linaikamata ardhi. Ukigusa tu, breki inajibu.

Kwenye baiskeli ya barabarani mkono wa breki ni mrefu, na humohumo mumewekwa vya kubadilishia gia. Diski ni milimita 140 au 160. Tairi ni jembamba, mara nyingi milimita 25 hadi 32, na sehemu inayogusa lami ni ndogo sana. Breki ikiwa kali mno, tairi litateleza. Kwa hiyo imetengenezwa ije pole pole, kadiri unavyoongeza kuvuta. Halafu kuna pa kushika: ukiweka viganja juu ya vishikio, vidole vinavuta karibu na mahali mkono wa breki ulipofungwa, na nguvu inapungua. Ukishika chini, kwenye ule mpindo, unavuta kwa mbali zaidi na breki inakuja vizuri.

Kwa hiyo aliyezoea ya milimani akipanda ya barabarani husema haishiki. Aliyezoea ya barabarani akipanda ya milimani huvuta vidole vitatu, gurudumu likafunga. Breki zote mbili ni nzima. Mkono ndio haujafundishwa.

Lakini kuna jambo jengine, na hapa ndipo tunapolaumu. Mwenzetu ana vidole vifupi, kama wengi wetu. Alipomwambia muuzaji kwamba mkono wa breki uko mbali, alijibiwa, "Utazoea, bibie." Hatukubali. Kidole hakirefuki kwa mazoea! Breki nyingi za aina hii zina skrubu ndogo ya kuusogeza mkono wa breki karibu na usukani. Kwenye baadhi ya baiskeli za barabarani imefichwa chini ya ule mpira wa kishikio. Ni kazi ya dakika chache. Tuliisogeza wenyewe, tukaijaribu kwa zamu, na sote tukaifikia.

Basi, dada zetu, kabla hujatoa pesa, panda na ushike. Kiungo cha kwanza cha kidole kiupite mkono wa breki bila ya wewe kujivuta. Baiskeli ikiwa mpya kwako, nenda nayo uwanjani kwanza, ujaribu kusimama taratibu, kisha kwa haraka, mara kumi, ishirini, mpaka mkono ujue. Ukivuta ukasikia ulaini kama wa sponji, na mkono wa breki ukakaribia kugusa usukani, huenda hewa imeingia kwenye mafuta. Mpelekee fundi aitoe. Na muulize atatia mafuta gani. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Mafuta ya breki ya gari yataharibu mipira ya ndani. Kuna za kampuni nyengine zinazotaka hayo ya gari, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye breki yenyewe. Tena, ukitoka kujipaka mafuta ya nazi, usiishike diski. Mafuta yakifika kwenye pedi, breki italia na haitashika.

Tunajua wapo watakaosema tumwachie Mungu. Tunamtegemea Yeye kila tunapotoka. Lakini tawakali haijamzuia mtu kukagua breki yake.

Kwa waume, kaka na mama zetu: mwanamke akianguka, kabla hamjasema hawezi, itazameni kwanza baiskeli aliyopewa. Kaka yake angeanguka, mngeuliza breki ilikuwa na nini.

Na wewe mwenzetu, tunajua unasoma. Jumamosi tunapita kukuchukua inshaallah. Skrubu tumeshaikaza.