Tusiifukuze baiskeli barabarani

Mwaka 2009 niliporudi Burundi kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mpanda, nchini Tanzania, tulishusha lorini magodoro, masufuria na baiskeli moja ya Phoenix. Baiskeli hiyo ilinipeleka shule, ikambeba mama hadi zahanati. Mshahara wangu wa kwanza wa ualimu ulipochelewa, ilibeba ndizi hadi sokoni tukapata kula.

Ndiyo maana huniuma nikisikia ikisemwa kuwa baiskeli ni aibu ya mji. Machi 2022, baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji la Bujumbura. Sababu iliyotolewa ni ajali.

Marufuku ya namna hii si mapya. Mwaka 1817, Mjerumani Karl Drais alipanda mjini Mannheim chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali, akikisukuma kwa miguu. Kabla mwaka haujaisha, wakuu wa mji walishakikataza kupita njia za waenda kwa miguu. Lakini hakikufa. Miaka ya 1860, mafundi wa Paris walifunga pedali gurudumu la mbele. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ambayo mnyororo wake huzungusha gurudumu la nyuma, na ndiyo mama wa hizi zetu. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, akaleta tairi la upepo.

Matairi yalihitaji mpira, na mwingi ulikamuliwa kwa mijeledi na damu ya jirani zetu wa Kongo, chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Basi tusiambiwe kuwa baiskeli ni zawadi ya wageni. Afrika iliilipia.

Wafanyabiashara wa mipakani mnalijua hili kuliko mimi. Hata jina la bodaboda lilizaliwa Busia, baina ya Uganda na Kenya, ambako vijana walivusha abiria kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Wenye pikipiki wamelirithi tu.

Sikatai kwamba ajali zipo. Nimewaona vijana wakining'inia nyuma ya malori milimani, na nafundisha watoto wa watu kama hao. Lakini dawa ya ajali si kumnyang'anya mtu riziki. Barabara zinapojengwa, zitengewe njia ya baiskeli pembeni. Polisi wakague breki na taa badala ya kukamata mizigo. Na mpakani, ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa za kwetu zisizozidi dola 2,000 uheshimiwe kwa mwenye karia kama unavyoheshimiwa kwa mwenye gari. Nasi waendeshaji tuache kushikilia malori.

Miaka ya karibuni petroli ilipoadimika nchini, magari yalilala kwenye foleni za vituo siku nzima. Unga, mkaa na mawese vilifika sokoni kwa nini, kama si kwa baiskeli? Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.