Video za Michoro na Mikono ya Muuguzi

Mtoto anayezaliwa bila kupumua hana muda wa kungoja. Muuguzi hana budi kumkausha, kumsugua mgongoni na, ikiwa bado hapumui, kuanza kumpa hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika moja haijaisha. Kazi hiyo haifahamiki vyema kwa maandishi peke yake. Kichwa cha mtoto kikiinama mbele, au kikipinduliwa mno nyuma, njia ya hewa huziba. Na kuziba huko hakuonekani kwa jicho. Kamera huonyesha ngozi tu. Video ya michoro, kwa kulipasua koo katikati kama papai, huonyesha hewa ikipita na ikizuiwa.

Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa wanafunzi wasomao mbali na chuo. Nchini Kenya, mwaka 2005, shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha mafunzo kwa kompyuta yaliyokusudiwa wauguzi wa cheti wapatao 22,000, ili wapate stashahada pasipo kuviacha vituo vyao vya kazi. Muuguzi wa zahanati ya mbali aweza kuirudia video mara kumi bila kumchosha mwalimu.

Hata hivyo, kuona si kutenda. Katika Hospitali ya Haydom, Tanzania, watafiti walieleza mwaka 2013 kwamba mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, ingawa yalitumia mwanasesere, yaliongeza ustadi wa wahudumu katika mazoezi bila kubadili utendaji wao wodini. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalipoanzishwa papo hapo kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua, kama ilivyoripotiwa mwaka 2015. Ikiwa mwanasesere aliyeshikwa siku moja hakutosha, video iliyotazamwa tu haitatosha.

Kwa hiyo vyuo vinavyofundisha uuguzi kwa njia ya mtandao visiihesabu video kuwa badala ya mazoezi. Yafaa kila video ifuatwe na zoezi la mikono katika hospitali iliyo karibu na mwanafunzi, mbele ya muuguzi mzoefu mwenye mamlaka ya kumpasisha au kumrudisha. Gharama ya mwanasesere na ya muda wa msimamizi huyo iingizwe katika bajeti ya masomo tangu mwanzo. Chuo kinachoikwepa gharama hiyo humtwisha mtoto mchanga asiyepumua.