Mfalme Naye Ana wa Kumtii

Sauli aliporudi kutoka kuwapiga Waamaleki, alijisimamishia mnara kule Karmeli, kisha akateremka Gilgali. Alimlaki nabii Samweli kwa furaha, akasema amri ya Mungu ameitimiza. Mzee akamuuliza: basi hii milio ya kondoo na ng'ombe inatoka wapi? Sauli hakukosa jibu. Wanyama hao watu ndio waliowaacha hai, tena kwa ajili ya sadaka.

Amri yenyewe, kuwaangamiza Waamaleki wote pamoja na mifugo yao, ni nzito kwa msomaji wa leo, na wahubiri wengi huipita mbio. Lakini asidhaniwe kwamba Sauli aliponzwa na huruma. Vitu duni aliviangamiza vyote. Alichohifadhi ni mifugo iliyonona na mfalme Agagi. Alipobanwa zaidi, alikiri kwamba aliwaogopa watu akafuata sauti yao. Viongozi wa namna hiyo bado wapo: sifa ya ushindi ni yao, lawama ni ya wananchi.

Mawaidha ya utii kwa kawaida huelekezwa chini. Mtoto amtii baba, mwanakijiji amtii mwenyekiti. Torati haikuanzia huko. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inamkataza mfalme kujilimbikizia farasi, wake, fedha na dhahabu. Tena inamtaka ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote, asije akajiinua juu ya ndugu zake. Sulemani, pamoja na hekima yake yote, alivunja makatazo hayo moja baada ya jingine. Mwanawe Rehoboamu alipoombwa kule Shekemu aipunguze nira, aliwapuuza wazee waliomshauri awe mtumishi wa watu, akawasikiliza vijana wenzake. Makabila kumi yakaondoka.

Ufipa nao umeona utawala ukimeguka. Zwangendaba, aliyewavusha Wangoni mto Zambezi mwaka 1835, alifia huku Ufipa, mahali paitwapo Mapupo, yapata mwaka 1848. Mtu mmoja alikuwa amewashika watu wa makabila mengi waliokusanywa njiani kutoka kusini. Alipofumba macho, ugomvi wa urithi ukawatawanya. Mwanawe Mpezeni akaishia mashariki ya Zambia ya leo, nduguye M'mbelwa kaskazini ya Malawi, wengine Songea, na kundi la Watuta likaelekea kaskazini.

Wafipa wenyewe wanasimulia habari tofauti, na hapa ndipo wasomaji wa Msanzi, Matai na Sumbawanga wanapopaswa kutulia kidogo. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alikuwa Milansi. Siku moja wakafika wanawake watatu wageni, mwenye mji yuko mawindoni, na kiti cha enzi kikawaangukia wao. Ndio walioanzisha ukoo wa Twa uliotawala Nkansi na Lyangalia. Hata hivyo Milansi haikufutwa. Ilibaki na heshima yake ya kale na mambo ya mila ya nchi, chini ya mlima Itweelele. Mwene wa Twa, hata awe na nguvu kiasi gani, alijua kuna kijiji kidogo chenye haki ambayo yeye hakuizaa wala hawezi kuinyang'anya. Ni utii wa aina yake, nao haukuhitaji askari.

Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Miaka minne baadaye Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha: maneno tofauti, shabaha ileile ya Torati. Mwaka 1991, katika kikao cha chama tawala huko Zanzibar, miiko hiyo ikalegezwa.

Nakala ya sheria imebaki, ila nani anaisoma? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti anayeitisha mkutano huo na kuwasomea watu mapato na matumizi hajashuka cheo, ametii. Na mwananchi anayebaki shambani siku ya mkutano, kisha akalalamika kilabuni kwamba bonde limegawiwa, naye ana sehemu yake ya kosa. Aende. Aombe muhtasari usomwe kwa sauti, aulize ekari ngapi zimetolewa, kwa nani, na ni mkutano wa tarehe gani uliokubali.