Michezo ya Wachache Itengewe Siku

Mnamo Novemba 2019, kampuni ya Riot Games iliufunga uwanja wa Twisted Treeline katika mchezo wa kompyuta uitwao League of Legends. Humo timu za watu watatu watatu zilimenyana, ilhali uwanja mkuu hutaka watano kila upande. Sababu mojawapo ilikuwa uchache wa wachezaji.

Uchache huo siukani. Hata hivyo, mchezo wa timu hauanzi mpaka watu watimie, tena wenye ujuzi unaokaribiana. Wachache wakitawanyika katika saa zote za juma, kila mmoja atangoja mpaka achoke, aende zake. Wakikusanywa Jumamosi na Jumapili, yamkini watatosha. Ndiyo maana soko la kijijini huwa na siku yake. (Nasi wanaisimu twajua kwamba lugha ya wachache huhitaji mahali pa kukutania wasemaji.)

Mtindo wa URF, uliozuka 2014, hufunguliwa na kufungwa bila ratiba ya kudumu. Mchezaji ataagana vipi na wenziwe? Siku mbili kila juma, zisizobadilikabadilika, zingefaa zaidi. Watu wasipotimia hata hapo, basi uwanja na ufungwe.