Mjomba wa Jan-di yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu. Najua wapo watakaosema mzee huyu kakosa la kuandika, maana barabara zipo, bei ya mbaazi ipo, yeye analeta habari za tamthilia. Lakini tamthilia yenyewe imewafanya watu wazima hapa Ruangwa wasusiane, na mimi imenifikisha mahali ambapo nashindwa kujibu barua iliyo mezani kwangu. Kwa hiyo naomba nivumiliwe.

Tamthilia ninayoisema ni ya Kikorea, inaitwa Boys Over Flowers. Si mpya. Ilionyeshwa kwao mwaka 2009, sehemu 25. Kwetu huku mambo haya huingia kwa mlango wa nyuma, zamani kwenye diski na sasa kwenye flashi, tena yakiwa na sauti ya kijana wa Kiswahili anayetafsiri huku akiongeza chumvi yake. Baada ya minada ya ufuta jirani yangu mmoja alinunua televisheni kubwa, nasi tukawa tunajaa sebuleni kwake kila jioni baada ya chakula, wanawake mkekani, wazee vitini, watoto dirishani.

Kwa asiyeijua, Geum Jan-di ni binti wa dobi. Kwa ugomvi mwingi na vichekesho vingi anapendana na Gu Jun-pyo, kijana mrithi wa kampuni kubwa. Mama wa kijana, ambaye ndiye anayeiendesha kampuni hiyo, hataki kusikia. Anatumia fedha, anatumia vitisho, hata familia ya dobi inauhama mji. Kijana anagongwa na gari, anapoteza kumbukumbu, anamsahau binti yule tu, kisha anamkumbuka. Anakwenda Marekani miaka minne. Anaporudi anamkuta Jan-di ufukweni, wakati huo akisomea udaktari, anamwomba wafunge ndoa. Marafiki zake watatu wanatokea, wanamtania. Basi, imekwisha.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mama mmoja alisimama akauliza harusi iko wapi, maana amekesha siku zote hizo akiingoja. Mwingine akasema yeye analia na Ji-hoo, kijana mpole aliyemwokoa binti kila mara, akaachwa mikono mitupu. Vijana wao walimshika Yi-jung, yule mfinyanzi. Alirudi kutoka Sweden, akaenda moja kwa moja kwenye shule ya watoto wadogo anakofundisha Ga-eul, akatabasamu. Halafu? Alimwoa au hakumwoa? Na yule mama mwenye kampuni, je, alitamka kwa kinywa chake kwamba amekubali? Tukagawanyika kama washabiki wa mpira. Kijana anayetuuzia flashi akaitwa usiku ule ule, akatuhumiwa kwamba ameficha sehemu za mwisho ili atuuzie tena.

Namtetea kijana yule hapa hadharani. Hakuficha kitu. Sehemu ni 25 na ya ishirini na sita haipo. Hadithi hiyo asili yake ni vitabu vya michoro vya Mjapani, Bibi Yoko Kamio, na Wajapani walipoiigiza mwaka 2005 walirudi na msimu wa pili mwaka 2007, kisha wakaifunga kwa filamu mwaka 2008. Wakorea waliishia ufukweni. Anayetaka harusi akaitafute Japani.

Lakini dukuduku langu haliko kwenye harusi. Liko kwenye swali lililoulizwa na bibi mmoja mkekani, ambalo wengi walilicheka. Aliuliza: "Muda wote huu, mjomba wa huyu binti yuko wapi?"

Kwa wasomaji wa mikoa mingine nieleze kidogo. Sisi Wamwera, kama ndugu zetu Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo tunauhesabu kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni kaka wa mama, yaani mjomba. Kwa desturi ya wazee, kijana akioa ndiye aliyehamia kwa wakwe, akajenga karibu na mama mkwe, akalima shamba la mama mkwe, akapimwa huko. Akionekana mvivu alirudishwa kwao na jembe lake. Kwa hiyo mama mkwe wa kutisha kwetu ni wa mwanamume. Ndiyo maana wanawake walipomwona yule mama wa Kikorea akipiga kelele, walicheka mpaka machozi. "Huyu anamkatalia nini binti wa watu," walisema, "na anayehama ni mwanawe?" Kwa macho yetu, mwenye haki ya kukataa alikuwa mke wa dobi.

Sisemi kwamba mambo yamebaki vile vile. Tangu tulipopangwa kwa mistari katika vijiji vya miaka ya 1970 haikuwa rahisi tena mkwe kupata kiwanja nyuma ya nyumba ya mama mkwe, na siku hizi vijana wengi wanajenga wanapopata kazi. Najua pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wenyewe wawili, na kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari hayakulipwa. Sipingi hata nukta moja. Lakini mjomba bado anaulizwa, na mimi, Ndugu Mhariri, ni mjomba.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko Nachingwea ana kazi yake. Ameposwa na kijana wa mkoa wa mbali, ambako ukoo unahesabiwa kwa baba na mke ndiye anayehama. Kijana ana adabu, sina neno naye. Wazee wake waliandika barua ya posa kwa baba wa binti, kama desturi yao inavyowaelekeza. Shemeji yangu naye, kama desturi yetu inavyomwelekeza, hakuifungua. Aliileta kwangu. Imekaa wiki tatu. Wanataka waje na mahari, waondoke na bibi harusi. Dada yangu anasema mkwe aje ajenge huku. Binti yeye yuko katikati.

Alikuja kunisalimu jioni ile tuliyomaliza sehemu ya mwisho. Tulipotoka nje, huku nyuma yetu watu bado wanabishana, akaniambia: "Mjomba, wote wanadai harusi. Harusi ni siku moja. Mimi nilitaka kuona pale ufukweni wakishaondoka, wanakwenda kukaa kwa nani." Sikuwa na jibu. Nilimwambia usiku umeingia, akalale.

Ndiyo maana nasema vijana wanaoniambia "mzee, hiyo ni burudani tu" hawanitendei haki. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, mtunzi hakutuacha tukikisia. Tulimfuata Mkwaju, yule dereva wa lori mpenda wanawake, mpaka UKIMWI ulipomlaza kaburini, na tulimwona mkewe Tunu akimwacha na kusimama kwa miguu yake. Watu waliucheka, waliulilia, na waliusikiliza mpaka mwisho.

Tena upo mfano wa karibu zaidi na shauri langu. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Doudou ni muuguzi, mumewe ni mpiga picha, na kwa kuwa wazazi wa mume waliachana, bibi huyu anajikuta ana mama wakwe wawili. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping wa China akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Ubora wake naona ulikuwa hapa: ilianzia pale ambapo nyingine zinaishia. Nani apike, nani aamue, mkwe gani aamkiwe kwanza, ndiyo yaliyokuwa mchezo wenyewe, na yalichekesha kuliko helikopta zote za matajiri wa Korea.

Sasa nauliza, kama Wachina waliweza kutuletea mama wakwe wao kwa Kiswahili fasaha, sisi tunashindwa nini? Tamthilia zetu za mapenzi siku hizi ni nyingi, na nyingine haziishi kabisa, zinavutwa kama mpira. Lakini nyingi ni za mjini, za magari na majumba. Natoa wito kwa TBC na kwa watunzi wetu watutengenezee mchezo mmoja wa kuchekesha, binti wa Namungo na kijana wa kaskazini, barua ya posa imefika kwa mtu asiyestahili, na wakwe wa pande mbili wamekaa chini ya mwembe mmoja kila upande ukingoja mwenzake ahame. Mjomba awemo. Asifanywe mlevi wala mchawi, kama wanavyopenda kuwafanya wazee. Na wasitutoe ukumbini kabla hatujaona mizigo inashushwa kwenye nyumba ipi.

Wazee wa kijana wametuma ujumbe kwamba watafika baada ya mauzo ya korosho. Barua yao bado iko mezani. Wasomaji wenye uzoefu wa ndoa za namna hii, za ukoo wa mama na ukoo wa baba, nawaomba waandike hapa hapa watueleze walikaa kwa nani.

Nawasilisha.

Mjomba,
Ruangwa, Lindi.