Kabla Hujachomeka Kadi Kwenye ATM

Ndugu zangu mlioko Houston, Columbus, Louisville, Minneapolis na kila mji wa Marekani ambako Kiswahili kinasikika dukani, kanisani na msikitini, wito huu ni wenu. Simu ikilia saa nane za usiku na namba inaanza na +255, +254 au +243, mtu hujiinua akakaa kitandani kabla ya kuipokea. Kuna msiba, au mtoto amelazwa na hospitali inataka pesa kwanza, au ni ada ya shule ya Januari. Mshahara ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kwenye pochi kuna kadi ya mkopo. Kesho yake, njiani kwenda kubeba boksi, mtu anapitia ATM.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi huku mara nyingi tunakopa kwa ajili ya matanga yenyewe, na sina ubavu wa kumlaumu mtu kwa hilo. Ombi langu ni dogo: ikibidi kukopa, tukope kwa bei nafuu, na anayeijua njia amshike mkono asiyeijua.

Hesabu ya ATM iko hivi. Ukitoa dola 1,000 kwa kadi ya mkopo, benki nyingi hukata papo hapo ada ya asilimia 5, yaani dola 50, mbali na zile dola tatu nne za mwenye mashine. Riba ya pesa taslimu mara nyingi hukaribia asilimia 30 kwa mwaka, na huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Ukinunua mchele kwa kadi, unapewa angalau siku 21 tangu taarifa ya mwezi itoke, na kama kila mwezi unalipa salio lote, hudaiwi riba hata senti. Noti za ATM hazina uungwana huo. Tuseme umerudisha dola zako 1,000 kwa mafungu sita ya kila mwezi: riba itafika kama dola 88. Ongeza ile ada. Pesa hiyo imekugharimu dola 138, kabla hata ya ada ya kuituma nyumbani.

Na msidhani mtego uko ukutani tu. Ukitumia programu ya simu kutuma pesa nyumbani, kisha ukaweka kadi ya mkopo kama chanzo cha malipo, benki yako inaweza kuhesabu kwamba umetoa taslimu, ikakutoza ada na riba zile zile. Kwa kazi hiyo tumieni akaunti ya benki au kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti.

Anayeshangaa riba kubwa hivi inaruhusiwaje, jibu ni la mwaka 1978. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba benki inaweza kumtoza mteja riba inayoruhusiwa katika jimbo iliko benki, hata kama mteja anaishi jimbo lenye sheria kali. South Dakota na Delaware zikalegeza sheria zao, na biashara ya kadi ikahamia huko. Kwa hiyo tusingoje jimbo letu litukinge.

Sasa unafuu. Njia rahisi kuliko zote ya kupata taslimu kwa kadi ni kuiacha ATM kabisa: kadi ilipie vinavyolipika kwa kadi, na mshahara uende kule kusikojua kadi. Mtu ana msiba Kigoma na anatakiwa kutuma dola 600. Mwezi huo mafuta ya gari, bima, simu na chakula cha nyumbani vilipiwe kwa kadi, kisha dola 600 zitoke kwenye mshahara. Kama anasafiri kwenda kuzika, tiketi anunue moja kwa moja kwa kadi. Ameshapata mkopo wake bila ada ya taslimu, na akilipa salio lote kwa tarehe, bila riba. Kwa anayehitaji muda mrefu zaidi, zipo kadi mpya zinazotoa riba sifuri kwenye manunuzi kwa miezi 12 au 15. Kwa matumizi haya zinafaa sana.

Jambo hili hunoga zaidi likifanywa na kundi. Kamati ya harusi inalipia ukumbi na vyakula, na wachangiaji wameleta noti mkononi. Yule ndugu mwenye dharura alipie ukumbi kwa kadi yake, mweka hazina ampe zile noti mbele ya mashahidi na iandikwe daftarini. Hapo manunuzi ni ya kweli na pesa ni ya kweli. Lakini akitokea rafiki mwenye duka akakwambia, “Pitisha kadi kama umenunua mzigo, mimi nikupe taslimu,” kataa. Hayo ni mauzo hewa, na yanaweza kuwaletea nyote wawili kesi.

Halafu kuna ile bahasha. Wengi wetu tumewahi kuiona: benki ya kadi imeleta hundi mbili tatu zenye jina lako, na maneno makubwa kwamba riba ni sifuri. Unaandika hundi, unaiweka kwenye akaunti yako, unapata taslimu. Wakati mwingine ni mpango halali na nafuu: kwa ada ya asilimia 3, dola 1,000 zitakugharimu dola 30, kwa asilimia 5, dola 50. Lakini si kila hundi ya namna hiyo ina riba sifuri. Sheria inalazimisha benki kuandika kwenye karatasi hiyo hiyo riba ni ngapi, ada ni ngapi na mwisho wa kutumia hundi ni lini. Someni hapo, si kwenye maandishi makubwa. Mkishaitumia, kadi hiyo iwekeni kabatini hadi deni liishe, kwa sababu ukiwa na salio la namna hiyo, hata mkate utakaonunua unaweza kuanza kutozwa riba siku ile ile.

Asiye na bahasha ajiunge na chama cha akiba na mikopo, krediti yunioni kama wasemavyo wengine. Ni ndugu wa SACCOS za kwetu. Vile vyenye leseni ya serikali kuu ya Marekani vina ukomo wa riba wa asilimia 18, na baadhi hutoa mikopo midogo ya dharura, hadi dola 2,000, yenye ukomo wa asilimia 28 na ada ya maombi isiyozidi dola 20. Si bure, ila mnaona tofauti na ATM. Kasoro yake ni kwamba aina moja ya mikopo hiyo inataka uwe mwanachama tangu mwezi mmoja nyuma. Jiungeni kabla simu haijalia.

Ndugu zetu Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu wanajua kwamba mkopo usio na riba upo, kwani wengi wao deni lao la kwanza Marekani lilikuwa nauli ya ndege kutoka IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, bila riba, na kulilipa kunajenga historia ya mkopo. Inauma kuona deni la pili likawa la ATM. Na wenzetu wanaojiepusha na riba kwa imani wana haki ya kuuliza: njia yetu iko wapi? Tunayo tayari. Ni upatu, mchezo, chama, likelemba. Huko San Francisco, shirika la Mission Asset Fund lilichukua michezo kama hii ya wahamiaji, likaiwekea mkataba, na kupeleka kumbukumbu za malipo kwenye kampuni zinazotunza historia za mikopo. Mwaka 2014 California ikautungia sheria mpango huo. Viongozi wa jumuiya zetu, ulizeni kama shirika hilo lina mshirika karibu nanyi.

Kwenye mkutano ujao wa jumuiya, baada ya hesabu za michango, tengeni nusu saa. Kila mtu aje na taarifa ya kadi yake, majina na namba yamefunikwa. Tafuteni kile kisanduku kilicholetwa na sheria aliyoisaini Rais Obama Mei 2009: mstari mmoja unasema utamaliza deni baada ya miaka mingapi ukilipa kima cha chini tu, na mwingine unataja kiasi cha kulipa kila mwezi ili umalize kwa miaka mitatu. Vijana wasome kwa sauti, wazee waulize bila haya. Na zile hundi ambazo mtu hatazitumia, zichanwe vipande vipande pale pale, kwa sababu atakayeziokota kwenye pipa la taka anaweza kuzijaza, na deni likaja kwa jina lako.