Safari ya gofu na rafiki aliyeogopa kusema hana

Miezi michache iliyopita, baada ya Misa ya pili, waumini wanne walinisubiri nje ya sakristia. Ni wanaume wa rika langu, miaka hamsini na ushei, wana-UWAKA, marafiki tangu ujana. "Tumsifu Yesu Kristo, Padri." Nikaitikia, "Milele, amina." Mmoja akakunjua karatasi. Walikuwa wanapanga safari ya kwenda Scotland kucheza gofu, na walitaka niibariki.

Mimi sijui hata kushika fimbo ya gofu. Lakini mji waliouchagua niliusikia seminarini, katika somo la historia ya Kanisa. Unaitwa St Andrews, kwa heshima ya Mtume Andrea, ndugu yake Petro. Kabla ya kusifika kwa mchezo huo, ulikuwa mji wa hija, kwani mapokeo yanasema masalia ya Mtume yalihifadhiwa huko. Kanisa kuu lake liliwekwa wakfu mwaka 1318. Leo zimebaki kuta, kwa hiyo mji ule una gofu la kuchezwa na gofu la kutazamwa. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliweka hati iliyotambua haki ya wenyeji kucheza kwenye uwanja wao wa pwani. Basi wazee wangu hawakuwa wamechagua mahali pa ovyo.

Je, ni dhambi watu wazima kupanda ndege kwenda kupiga kipira? Hapana. Yesu mwenyewe aliwaita mitume wake waende mahali pa faragha wapumzike kidogo (Mk 6:31). Urafiki unahitaji muda, na aliyefanya kazi miaka thelathini hatendi kosa akipumzika.

Karatasi yao ilikuwa na kila kitu: tiketi, viza ya Uingereza, hoteli, ada ya uwanja, hata bahati nasibu inayochezeshwa siku mbili kabla ili kupata nafasi kwenye uwanja ule mkongwe. Nikawasifu, nikawakumbusha yule mtu wa Injili anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama asije akachekwa (Lk 14:28-30). Wakafurahi. Wakaniambia wamenihesabu na mimi, ili niwaadhimishie Misa huko. Tiketi yangu wataigawana wanne. Nikakubali bila kuuliza swali hata moja.

Siku tatu baadaye, usiku kama Nikodemo, mmoja wao alinijia. Hakuja kuungama. Alikuja kuzungumza, na ameniruhusu niandike bila kumtaja. Alikuwa amechukua mkopo kwenye SACCOS ya kazini, fomu ikisema ni ada ya mtoto. Mke wake hakujua. Binti yake alikuwa anasubiri ada ya mwaka wa pili chuoni. "Padri," aliniambia, "wenzangu wote wana uwezo. Mimi nitasemaje sina?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilitazama sakafu, kwa sababu nilielewa kwamba robo ya tiketi yangu ingetoka kwenye ada ya binti yule. Nilihubiri juu ya kuhesabu gharama, nami sikuuliza gharama yangu inalipwa na nani.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya neno hilo, "sina". Tunalisema upesi kwa ombaomba barabarani, lakini mbele ya marafiki linatukwama kooni. Tunaahidi michango ya harusi tusiyoiweza, tunavaa sare tulizokopa, tunasafiri kwa fedha za watoto. Halafu tunauita huo urafiki.

Ajabu ni kwamba gofu yenyewe ina dawa. Wazee wangu walinieleza kwamba mchezaji dhaifu hupunguziwa mapigo kulingana na uwezo wake, ili acheze na hodari na mchezo uwe wa haki. Hakuna anayeona aibu. Kiwango chake kimeandikwa na kila mtu anakijua. Uwanjani wanapunguziana mapigo, lakini kwenye karatasi ya bajeti waligawa sawa kwa wanne, wala hakuna aliyeuliza mwenzake anaweza kiasi gani.

Nilimshauri mambo mawili: amwambie mke wake usiku uleule, kisha awaambie rafiki zake. La kwanza lilikuwa gumu zaidi. Walipokutana, nami nikarudisha nafasi yangu. Mmoja alinyamaza, kisha akakiri kwamba naye alikuwa anajikaza. Wa tatu akapendekeza wasogeze safari miaka miwili, wakichanga kila mwezi kila mtu kwa uwezo wake. Wa nne, aliyekwisha kulipa malipo ya awali ya hoteli, alikasirika na kuondoka. Hadi leo kanisani anakaa benchi la upande wa pili. Ukweli una gharama yake, na hiyo nayo ilipaswa kuhesabiwa. Mkopo ulirudishwa, na binti yuko chuoni.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mkipanga safari na marafiki, zungumzeni fedha kabla ya tarehe. Mwenye uwezo mkubwa asiwe wa kwanza kutaja kiwango, maana akishakitaja, mnyonge atanyamaza. Na safari ambayo mwenzi wako wa ndoa hawezi kuijua, usiifunge mizigo.

Mtume Andrea anatufundisha kitu hapa. Umati ulipokuwa na njaa, ndiye aliyemwonyesha Yesu kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili (Yn 6:8-9). Andrea naye aliona ni kidogo, lakini hakukificha. Bwana alianzia pale.

Nimesikia pia kwamba uwanja ule mkongwe kwa kawaida haufunguliwi kwa gofu siku ya Jumapili. Wenyeji hutembea juu ya nyasi zake na familia zao bila kulipa chochote. Leo ni Jumapili. Tembea kidogo na rafiki yako, umuulize anaendeleaje kweli, kisha umpe nafasi ya kujibu.